Andika Moja, Ufute

Lwitiko alihamia Dodoma kwa mshahara mnono,
akaniachia kiendeshi cha kipimamaji
kilichojaa namba tupu:
nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita.
Rejista nne, hakuna hata moja yenye jina.
Nikampigia simu. Akacheka:
"Tunu, mimi nilikuwa nazijua."

Mji huu haujawahi kuamini namba.
Hapa Mtaa wa Sikukuu tumepigiliwa kibao cha anwani,
lakini kijana wa chapati hakiangalii.
Anauliza: kwa mama wa vitenge, ghorofa ya pili,
mlango wenye kandambili nyingi?
Na anafika, chapati zingali moto.

Kifaa kimefungwa kwenye nguzo, bondeni Jangwani,
kinautazama Mto Msimbazi.
Mpaka leo sisi ndio tunaokisumbua:
yamefika? yamefika? yamefika?
kama mtoto anayeuliza kama ubwabwa umeiva,
na betri inakufa kwa maswali
kabla tone la kwanza halijaanguka.
Nataka kilale.
Siku mto ukipanda, kipige hodi chenyewe.

Kitabu cha kiwanda ni cha Kichina.
Nassibu wa duka la vipuri, aliyekaa Guangzhou miaka sita,
ananisomea kwa malipo ya kahawa na kashata.
Nne, anasema, inaeleza kilichotokea.
Nikaiita HALI.
Nane, anasema, inahusu kupita na kutopita.
Nikaiita RUHUSA, nikajipongeza.

Siku mbili hakuna hodi.
Nilibadili waya, nikabadili betri, nikamlaumu Lwitiko,
nikachovya kifaa kwenye ndoo hadi vidole vikakunjamana.
Kumbe moja, kwenye nane, ni kufunga.
Niliyemwita mfungua mlango ndiye komeo.
Jina bovu ni baya kuliko namba;
namba haikuahidi kitu.
Nikafuta RUHUSA, nikaandika KIZIBO.

Ndipo hodi ikaja. Na ikaja. Na ikaja.
Kwetu mgeni hubisha mara tatu,
asipoitikiwa huenda zake.
Huyu hajafunzwa adabu hiyo:
alibisha mara elfu arobaini kwa dakika,
kompyuta ikaganda mkono ukiwa mlangoni.
Nilikuwa nimeandika sifuri kwenye kumi na mbili,
kama angefanya yeyote mwenye akili zake.
Nassibu akarudia mstari, kidole kwenye karatasi:
andika moja, ufute.
Hapo kuandika ndiko kufuta.
Nikaiita FUTA, na juu yake, kwa atakayenirithi,
nikaacha maoni haya:

    Hodi yake ikibishwa, usilale uamke,
    Soma kilichoamshwa, na jina ulitamke,
    Kisha moja ikirushwa, pale pale kifutike,
    Mlinzi asije choshwa, funga mlango utoke.

Jumamosi nilikwenda Kigogo kwa Mama Salvina,
ambaye simu yake ndiyo itakayolia ya kwanza.
Friji lake limekaa juu ya matofali matano.
Ukutani ana mistari ya mkaa, mmoja kwa kila mafuriko,
na kila mstari una jina:
huu ni Mchukua Godoro,
huu ni Usiku wa Kuku,
huu, usawa wa kifua changu, hakuutaja;
aliupitisha kiganja tu, akaniuliza kama nitakunywa chai.
Nilitaka kumwambia kuhusu KIZIBO na FUTA.
Nikanywa chai.

Imebaki kumi na sita.
Kitabu kinasema imehifadhiwa, hakisemi kwa nani.
Nassibu hajui. Lwitiko hapokei simu.
Asubuhi naisoma, inasema saba.
Usiku, mawingu yakiwa yameshuka juu ya Kariakoo,
inasema tisa.
Sijaipa jina.
Sijaigusa.